Tumbo Haliishii kwenye Fundo la Kanga

Tulipomzika Mzee Singano kule Vugiri, watu walisimama mmoja mmoja kumsifu, na zamu yangu ilipofika nikasema uongo. Nilisema alinifundisha uvumilivu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, mchungaji akasema amina, na mvua nyembamba ya milimani ikaendelea kunyesha juu ya turubai. Ukweli ni kwamba uvumilivu hakuwa nao. Alikuwa mtu wa kukatiza maneno, mtu wa kukunyang'anya kalamu ukiwa katikati ya sentensi. Alichonifundisha, katika mwaka mmoja niliofanya kazi chini yake kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Handeni, ni kumwuliza mtu mzima, uso kwa uso, bila kupepesa macho, kama amejamba tangu jana. Hilo huwezi kulisema mbele ya jeneza, mjane amekaa mkekani na wajukuu wamevaa majoho ya kwaya. Basi nikala ndizi na nyama za msiba, nikanywa chai yao nzito, nikashuka mlima hadi Korogwe na neno langu bado sijalisema. Nimestaafu sasa, matumbo ya watu nayaota tu. Nimeona afadhali niliandike, kuliko kumwacha mzee wa watu azikwe na sifa isiyo yake.

Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti kipya cha utabibu na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Handeni lilivimaliza ndani ya wiki moja. Nilikotoka na nilivyolelewa hakumhusu mtu. Itoshe kujua kwamba nilikuwa nimefaulu vizuri na nilijiona. Chumba changu cha kazi kilikuwa na kitanda kimoja kirefu chenye mpira mwekundu, kiti cha mgonjwa, benchi la msindikizaji, na dirisha lililotazama barazani. Pazia la kuzungushia kitanda lilikuwa limefuliwa hadi likachanika, na jingine halikuletwa, kwa hiyo aliyemsindikiza mgonjwa alikaa akaona yote. Dirisha nalo halikufungika, na hilo lilinifaa kuliko vitabu vyangu, kwa sababu watu wakiwa barazani husema kweli, wakishaingia ndani husema nzuri. Nje namsikia mama akimweleza mwenzake kwamba tumbo limemsokota tangu alfajiri, limemkata, linaunguruma, limejaa hadi hapumui, na mwenzake anamjibu kuwa hiyo ni chango, amtafute bibi fulani mwenye mizizi yake. Akiingia, tunasalimiana mpaka mwisho wa salamu, habari za nyumbani nzuri, za watoto nzuri, za shamba nzuri, kisha namwuliza kilichomleta. "Ni tumbo kidogo tu, dokta," ananiambia. Wafugaji hawakunipa taabu hiyo. Mzee mmoja wa Kimasai alinieleza choo chake kwa kukilinganisha na kinyesi cha ng'ombe wake wa masika na wa kiangazi, kwa usahihi ambao mpaka leo sijaukuta kwa mgonjwa mwingine. Lakini wakulima wetu, Waislamu wa miaka mingi wenye haya zao, walikunja midomo, na mimi kwa kuwa nami nililelewa hivyohivyo nikaikunja pamoja nao.

Mzee Singano, mganga mfawidhi wa kituo, alikuwa na tabia mbaya ya kufundisha wakati wa kula. Tulikuwa tukila pamoja mchana, yeye, mimi na mhudumu wetu Mama Zaina, nyuma ya jengo la dawa, na chakula mara nyingi kilikuwa bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda. Unapeleka tonge mdomoni, naye anaanza. Tonge hilo, anasema, halianguki kwenda chini kama jiwe kisimani. Umio unalisukuma, hata ukining'inizwa miguu juu litafika. Likifika kwenye mfuko wa tumbo linakorogwa na asidi kali mpaka liwe uji. Uji unashuka utumbo mwembamba, unakutana na nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho, na huko ndiko chakula kinakokuwa damu yako na nguvu zako. Mabaki yanaingia utumbo mpana, yananyang'anywa maji, yanangoja. "Na safari yote hiyo ina hewa ndani yake," anamalizia, akichovya tonge. "Hewa isipotoka, ujue njia imefungwa mahali. Mtu anaweza akakaa siku tatu bila choo akawa mzima. Bila hewa, hapana." Mama Zaina alikuwa akimwomba kwa jina la Mungu angoje watu wamalize. Hakungoja hata siku moja.

Kuhusu kupima tumbo alikuwa na utaratibu ambao hakumruhusu mtu auvunje. Kwanza mikono yako ipate joto. Alishika kikombe cha chai kwa viganja viwili kabla hajamgusa mgonjwa, na chai hiyo hakuinywa. Mgonjwa alale chali, magoti ameyakunja ili nyama za tumbo zilegee. Halafu unatazama tu, mikono nyuma: limejaa, halijajaa, linapanda na kushuka na pumzi au limekakamaa, lina kovu au halina. Kisha unasikiliza. Sehemu nyingine za mwili tunagusa kwanza na kusikiliza baadaye, lakini tumbo husikilizwa kabla halijaguswa, kwa sababu ukilisumbua kwanza, utasikia usumbufu wako mwenyewe. Baada ya hapo unagonga kwa vidole kujua palipo na hewa na palipo na maji, na mwisho kabisa unapapasa, ukianzia mbali na panapouma, macho yako yakiwa usoni kwa mgonjwa. Mtu atakwambia haumwi huku paji la uso limejikunja. Alinisahihisha mbele ya wagonjwa, na nilikuwa nikimchukia kwa dakika tano au sita, kisha namsamehe kwa kuwa alikuwa na haki.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia aliniamuru nisikilize tumbo la Mama Zaina kila siku mara mbili, saa nne asubuhi na muda mfupi baada ya kufuturu, niandike nilichosikia. Mzee mwenyewe ni Mkristo, alikuwa akila mchana kwa kujificha nyuma ya mlango, na mara moja tulimkuta na ndizi mkononi tukajifanya hatujamwona. Nilijifunza kwamba tumbo la mwenye swaumu halinyamazi. Hunong'ona, hukaa kimya, hunguruma mara moja kwa kurefusha, kisha hutulia tena. Na baada ya mihogo ya nazi na tambi, ndani kuna shughuli ya kutosha. Mama Zaina alikuwa amelala kwenye mpira mwekundu akicheka, tumbo likiruka chini ya kifaa changu cha kusikilizia, akisema kama angejua kazi ya serikali ni hii angedai cheo. Ilipofika Idd ya kuchinja, Mzee Singano alinipeleka uani kwa Mama Zaina kutazama mbuzi akisafishwa. Nilidhani naheshimiwa kwa kualikwa. Kumbe nimeletwa darasani. Mama Zaina aliuvuta utumbo kutoka kwenye beseni, akaukamua na kuusafisha kwa mikono ya haraka, na mzee akanionyesha ule utando mwembamba unaoubeba, wenye mishipa ya damu ndani yake. Kipande kimoja kilikuwa kimepenya kwenye tundu la kapu bovu kikaning'inia nje, kimevimba na hakirudi. Mama Zaina akataka kukikata. "Ngoja," mzee akasema. Akanishika kiwiko nikainama. "Tazama hapa, binti. Kuingia kiliingia. Sasa kimejaa, tundu limekikaba, damu haipiti. Hata kwa binadamu kuna matundu kama haya, chini huku, kwenye kinena." Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa nafikiria supu.

Siku ninayotaka kuisimulia Mzee Singano alikuwa amekwenda mkutanoni Handeni mjini tangu asubuhi, na Mama Zaina alikuwa kwenye mzani wa watoto upande wa jengo la kliniki. Mwanamume mmoja akafika akisukuma baiskeli, na juu ya kiti cha nyuma amekaa bibi mwembamba aliyejifunika kanga mpaka machoni. Mwanamume aliitwa Rajabu, na bibi, Mwantumu, alikuwa mama mkwe wake. Binti wa bibi, mkewe Rajabu, alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma na hangeweza kusafiri. Kwa kuwa pazia halikuwepo, Rajabu aligeuza benchi akakaa ametazama ukuta. Bibi alikuwa akisikia Kiswahili lakini alizoea kusema Kizigua, na mbele ya mkwewe hakusema hata hicho, ila kunong'ona. Nikamwamkia, akaitikia. Habari zilikuwa nzuri.

"Tangu juzi anaumwa tumbo, dokta," Rajabu akauambia ukuta. "Anatapika. Nyumbani wanasema chango."

"Choo anapata?"

"Anapata."

"Na hewa anatoa?"

Rajabu akainama akakuna goti lake. "Anatoa. Hana neno."

Hakumwuliza. Nilimwona kwa macho yangu kwamba hakumwuliza, na bibi chini ya kanga yake hakutoa sauti. Mimi nikaandika. Nilimlaza, nikapandisha blauzi, nikatazama, tumbo limejaa kiasi. Nikasikiliza, na ndani nikasikia kelele nyingi, nyembamba, za juu, zinazoongezeka kila bibi anapokunja uso. Nikafurahi, nikaona tumbo linafanya kazi. Nikapapasa mpaka kwenye fundo la kanga, nikakomea hapo. Kumfungua mama wa watu kanga na mkwewe yuko hatua mbili nyuma yangu, kwangu lilikuwa jambo lisilofanyika, na kumwambia Rajabu atoke nje ni kama kumwambia nini kinakuja. Nikampa vidonge vya kutuliza msokoto na vya minyoo. Rajabu akashukuru, akamsaidia kupanda baiskeli kwa kumshikia baiskeli tu, yeye mwenyewe hakumgusa, wakaondoka.

Saa tisa alasiri Mzee Singano akarudi, akaketi barazani na sahani ya mihogo ya kuchemsha, akaniita na daftari la wagonjwa kama kawaida yake ya kila siku. Nilisoma, yeye anatafuna. Nilipofika kwa bibi Mwantumu nikasoma bila wasiwasi wowote.

"Kelele nyingi za namna gani?" akauliza.

"Nyembamba. Za juu. Zinakuja pamoja na maumivu."

"Na anatapika."

"Siku ya tatu leo."

"Na unaniambia hewa anatoa."

"Anatoa, mzee. Nimeuliza."

"Nani kajibu?"

"Aliyemleta. Mkwewe."

"Mkwe, mume wa bintiye?" Akautema muhogo mkononi. "Binti, ni Mzigua gani atakayemwuliza mama mkwe wake kama amejamba? Hata mimi Msambaa siwezi. Na kinena umekitazama?"

"Sikufungua kanga."

"Tumbo haliishii kwenye fundo la kanga," akasema, na safari hii hakupandisha sauti, ndiyo maana niliogopa. Alinieleza kwa kifupi huku amesimama. Utumbo ulioziba hupiga kelele mwanzoni, unasukuma ukitaka kupita. Ukichoka hunyamaza. Ukinyamaza, kipande kilichokabwa kimeanza kufa, na mwenye tumbo atakifuata. "Ulichosikia asubuhi si kazi, ni kilio. Nenda kasikilize kama bado analia. Mimi ni mwanamume, nikienda mimi tutarudia kosa lilelile."

Nimefanya makosa mengine katika kazi hii, lakini hakuna nililolibeba kwa uzito wa lile. Niliendesha pikipiki ya chanjo, Mama Zaina amekaa nyuma akinishika kiuno, na njia nzima nilikuwa namwona bibi akitikiswa juu ya kiti cha baiskeli, na mimi nimemwachia aende. Nilijiambia kwamba akifa sitarudi kazini, nitakwenda kuuza vitenge. Tulimkuta Rajabu uani akipasua kuni kwa nguvu za mtu asiyejua afanye nini kingine. Bibi alikuwa chumba cha ndani, juu ya kitanda cha kamba, karibu naye beseni la matapishi ya kijani, na bintiye amepakata kichanga akilia kimyakimya. Mama Zaina akawaamuru wanaume wote watoke hata uani, akafunga mlango, akakaa kitandani, akamwuliza kwa Kizigua, waziwazi, kama mtu anavyouliza kama kuna chumvi. Bibi akamtazama, akanitazama mimi, kisha akanijibu kwa Kiswahili, pengine ili nisipate kisingizio. "Tangu juzi asubuhi hakuna kitu, mwanangu. Si haja, si hewa. Wala hakuna aliyeniuliza."

Fundo la kanga lilikuwa gumu, likanishinda, akalifungua mwenyewe. Upande wa kulia, chini ya mkunjo wa kinena, palikuwa na uvimbe mdogo wa kadiri ya limau changa. Nilipougusa aliuma meno. Alituambia unatoka miaka mingi sasa akinyanyua ndoo ya maji, akilala unarudi. Mara hii umekataa kurudi. Nikaweka kifaa tumboni. Nilisubiri nikasikia mapigo ya moyo wangu tu. Mama Zaina akaacha kupumua, mtoto akaacha kunyonya, nikasubiri tena. Halafu mbali, upande wa juu, ukapita mlio mmoja mwembamba. "Vipi?" Mama Zaina akanong'ona. Nikamwambia bado linalia. Nilipotoka nje nilimfuata Rajabu kwa hasira, nikamwuliza kwa nini alinijibu jambo asilolijua. Alikuwa bado ameshika shoka.

"Ningemwulizaje, dokta?" akasema. "Yule kanipa mwanawe."

Yeye alitunza heshima iliyokuwa yake kuitunza. Mimi nililipwa mshahara ili kuuliza.

Mzee Singano hakuwa amekaa bure. Tulipomfikisha bibi barabarani kwa machela ya miti alikuwa amekwisha kusimamisha lori la machungwa lililokuwa likienda Korogwe, dereva wake mtu wa Mazinde, mwenye maneno machache, ambaye alishusha magunia sita bila kuulizwa yatalala wapi. Mzee akampitisha bibi mpira puani hadi tumboni, maji ya kijani yakatoka na tumbo likapungua ugumu, akamwekea dripu. Hakuna aliyekuwa na pa kuitundika. Rajabu akapanda, akaketi juu ya magunia, akampa mkwewe mgongo kama heshima inavyotaka, akaishika chupa ya dripu kwa mkono aliounyoosha juu nyuma ya kichwa chake. Alikaa hivyo njia yote, vumbi likimpiga usoni, akibadili mkono, bila kugeuka hata mara moja kutazama kama bibi yu hai. Kila baada ya muda ananiuliza mimi. Namwambia yupo. Anasema sawa. Tulivuka mto Pangani jua likiwa bado juu ya mkonge.

Hospitalini Korogwe, daktari wa upasuaji alimpima kwa utaratibu uleule wa kule kituoni kwetu, macho, masikio, vidole, na hakukomea kwenye kanga. Akasema inabidi kupasua jioni ileile, nani wa familia atie sahihi. Rajabu akarudi nyuma hatua moja. Alisema yeye ni mkwe tu, hawezi kukata neno juu ya tumbo la mkwewe, atume mtu kwa mashemeji. Daktari akasema hakuna muda huo. Wakaanza kubishana kwa adabu, na katikati ya mabishano yao bibi Mwantumu akatoa mkono chini ya shuka, kidole gumba kimesimama, akangoja mtu amletee wino. Nilimshikia karatasi mimi.

Daktari aliniruhusu nisimame ukutani mwa chumba cha upasuaji. Leo tuna mashine ya ultrasound hata kwenye vituo vya vijijini, na ninaipenda, nawaonea wivu vijana wanaoona nyongo na figo za mtu kwenye kioo kabla chai haijapoa. Lakini nilichoona jioni ile hakuna mashine iliyowahi kunionyesha. Alipokata palipokaba, kipande cha utumbo kikatoka, kirefu kama kidole changu cha kati, rangi ya zambarau iliyoiva. Nikajua nimechelewa. Daktari hakukikata. Alikifunika kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto, akasema tungoje, na watu wazima watano wakasimama kuzunguka kitambaa wakingoja. Akafunua, bado. Akafunika tena. Alipofunua mara ya pili ule weusi ulikuwa umeanza kuondoka pembeni, wekundu unaingia polepole, na akakigusa kidogo kwa ncha ya chombo chake. Kipande kikajikunja. Wimbi dogo likapita juu yake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, likisukuma kisichokuwepo. Nililia ndani ya barakoa na sikuona haya.

Kumbe kazi haikuwa imeisha. Utumbo ukishashikwa na mikono ya watu hugoma, nao ukiendelea kugoma mgonjwa anarudi palepale alipotoka. Mzee Singano aliniruhusu kwa simu ya kituo nibaki. Siku ya kwanza nilisikiliza tumbo la bibi asubuhi, mchana na jioni, kimya. Siku ya pili, kimya. Mpira bado uko puani, midomo imekauka, haruhusiwi hata maji, ila pamba ya kumlowesha ulimi. Joto likampanda kidogo, na muuguzi wa zamu akawa ananipita bila kunitazama. Rajabu hakuingia wodini, wodi ya wanawake na mkwewe humo ndani. Alikaa uani wanakopikia ndugu za wagonjwa, kati ya mafiga ya watu wasiomjua, akiwasaidia kuchota maji, na kila nilipotoka alisimama. Nilikuwa nikitikisa kichwa kabla sijamfikia ili asipate matumaini ya hatua ishirini.

Siku ya tatu asubuhi niliweka kifaa, na kabla sijasikiliza bibi akanishika mkono. Alinivuta karibu. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita utundu.

"Mwambie Rajabu," akasema.

"Nimwambie nini, bibi?"

"Hilohilo mnalongoja wote."

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema amezaa watoto saba, anajua mwili wake ukifanya nini. Nikasikiliza hata hivyo, na ndani mlikuwa na mazungumzo, ya chini, ya taratibu, sauti za tumbo la Mama Zaina baada ya futari. Nilikwenda uani nikikimbia. Rajabu akasimama na mwiko wa mtu mkononi. Nilikuwa nimetafuta neno la heshima njia nzima, kutoa hewa, kupata nafuu, mwili kufunguka, na nilipofika mbele yake mbele ya umati wote ule nikamwambia neno lenyewe, lile la Mzee Singano, kwamba mama mkwe wako amejamba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mchele akatazama chini. Rajabu akaketi pale pale kwenye majivu, akafunika uso kwa viganja, akasema alhamdulillahi mara nyingi sana, na mabega yakamtikisika.

Jioni yake walimwondolea mpira, wakaruhusu maji kidogo kidogo, na kesho yake uji mwepesi wa mahindi, usio na kitu. Rajabu hakukubali mtu mwingine aupike. Aliuchuja mara mbili kwa kitambaa, akaupuliza, akauleta mpaka mlangoni, akanikabidhi kikombe, kwa kuwa mkwe hamtazami mkwewe akila. Kisha akazunguka nje akasimama chini ya dirisha la wodi, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye bustani, nami nilikuwa nikikiona kisogo chake kupitia nondo. Bibi alikunywa funda la kwanza akatulia, sote tukatulia naye. Akanywa la pili. Uji ukashuka ukakaa. Akamaliza kikombe kizima kwa kukiinamisha, akapangusa midomo na ncha ya kanga, na hapo kisogo kile dirishani kikasogea kidogo, na Rajabu, bila kugeuka, kwa sauti ambayo ilikuwa kama inamkwaruza kooni, akauliza.

"Mama, nikuongeze?"

Hakuniuliza mimi. Niliguna kidogo ili nimjibie, kwa mazoea, nikajizuia. Bibi Mwantumu aliliangalia dirisha, kikombe kitupu mapajani.

"Niongeze, mwanangu," akasema. "Na utie sukari."